Nani Anaishi Kwenye Njia ya Maji? Funzo la Kibera na Kawangware kwa Sisi Wapwani

Kila masika yanapokaribia, jamaa zangu wa Kisauni na Malindi hunipigia simu kuniuliza kama huku Nairobi tuko salama. Wameona kwenye runinga mitaa imejaa maji, nao wanajua kuwa mimi ni Mpwani niliyekuja kutafuta riziki, nimepanga Kawangware, na mara kwa mara huenda Kibera kuwatembelea rafiki zangu wa Makina. Huwajibu kuwa niko salama, na ni kweli, kwa sababu chumba changu kiko orofa ya tatu. Jirani zangu wa chini hawawezi kusema hivyo. Mvua ikikaza usiku wao huamka kupandisha magodoro juu ya meza. Jengo ni moja, mvua ni moja, lakini hasara si moja.

Leo nataka tuzungumzie kazi ambayo wengi wetu hatuijui lakini huamua nani ataonywa, nani atapewa msaada na nani atabomolewa nyumba. Ni kazi ya kuchora ramani inayoonyesha watu wangapi, na nyumba za aina gani, ziko mahali panapoweza kupigwa na mafuriko, tetemeko, maporomoko au dhoruba. Kibera na Kawangware zinatufaa kama mfano kwa sababu ziko karibu karibu, zote huitwa mitaa ya mabanda, lakini ukizipima unakuta ni mambo mawili tofauti kabisa.

Hatari na msiba si kitu kimoja

Mvuvi hahitaji kufundishwa jambo hili. Kusi ikivuma kwa nguvu mahali pa bahari ambapo hakuna chombo hata kimoja, hakuna msiba. Kusi iyo hiyo ikikuta ngalawa kumi, kuna hatari. Na katika hizo kumi, ile iliyooza mbao ndiyo itakayotangulia kuzama.

Basi kila ramani ya aina hii hujibu maswali matatu. La kwanza: ni tukio gani la asili linaloweza kutokea hapa, kwa nguvu gani, na mara ngapi? La pili: nani na nini kiko hapa? La tatu: vilivyopo vitahimili kiasi gani? Watu wengi hudhani kuwa swali la kwanza ndilo gumu, kwa kuwa linahusu mawingu na mito. Lakini katika miji yetu swali la pili ndilo linalotushinda. Mvua hupimwa kila siku na Idara ya Hali ya Hewa. Watu huhesabiwa mara moja kila miaka kumi, na nyumba za mabati hujengwa na kuvunjwa kila wiki.

Kibera: mtaa maarufu usiokuwa kwenye ramani

Kibera ilianza mwanzoni mwa karne ya 20 kama makazi ya askari Wanubi wa jeshi la kikoloni la King's African Rifles. Ndio walioipa jina la Kibra, maana yake msitu. Ni Waislamu wenzetu, na historia yao ya kudai ardhi inafanana na ya Wapwani wengi: walikaa zaidi ya miaka mia moja kabla ya jamii yao kukabidhiwa hatimiliki ya ekari 288 mwaka 2017. Ardhi nyingine ya Kibera imebaki kuwa ya serikali, na mwenye nyumba wa huko kwa kawaida ana banda lakini hana hati.

Kwa sababu hiyo, kwa miaka mingi Kibera haikuonekana kwenye ramani za kawaida. Dunia nzima iliijua kwa jina, lakini ukiifungua ramani ya mtandaoni uliona doa tupu. Mwishoni mwa 2009, Mikel Maron na Erica Hagen walianzisha mradi wa Map Kibera pamoja na vijana 13 wa Kibera wenyewe. Vijana hao walipewa vifaa vya jipiesi, wakatembea kijiji kwa kijiji, Kianda, Gatwekera, Lindi, Silanga, Laini Saba na kwingineko, wakaandika njia, vyoo, mabomba ya maji, zahanati, shule, misikiti na makanisa. Yote wakayaweka kwenye OpenStreetMap, ramani ya bure ambayo mtu yeyote anaweza kuisoma na kuiongeza.

Jambo la pili lililokuwa gizani ni idadi ya watu. Kwa muda mrefu tuliambiwa kuwa Kibera ina watu milioni moja. Idadi hiyo ilirudiwa na magazeti, wanasiasa na mashirika hadi ikawa kama kweli. Sensa ya 2009 ikatoa jibu lake: watu 170,070. Makadirio mengine, ya watafiti waliotumia picha za setilaiti na kuhesabu nyumba, yalikuwa kati ya laki mbili na 270,000. Sensa ya 2019 iliandika watu 185,777 katika kaunti ndogo ya Kibra.

Msomaji anaweza kusema: si kitu, wawe laki mbili au milioni, bado ni maskini. Lakini ukipanga msaada kitu kipo. Anayedhani kuna watu milioni moja huona mzigo usiobebeka akakata tamaa, au huomba fedha za watu ambao hawapo. Anayechukua idadi ndogo kupita kiasi huleta mahema yasiyotosha. Na zote mbili hazisemi kitu muhimu kuliko vyote: katika hao, wangapi wanalala bondeni?

Kibera ni mteremko. Maji yake hushuka kuelekea mto Motoine na Bwawa la Nairobi, lililojengwa 1953 na ambalo leo limejaa matope na magugu. Mtu wa juu, karibu na Makina, hukumbwa na uchafu wa mtaro uliofurika. Mtu wa chini, Silanga au Lindi, hukumbwa na mto wenyewe. Uchunguzi wa kaya ulioongozwa na shirika la Kounkuey Design Initiative baada ya masika ya 2015 ulikuta kuwa zaidi ya nusu ya waliohojiwa waliingiliwa na maji nyumbani. Idadi kubwa namna hiyo haiwezi kuwa ya watu wa kando ya mto peke yao. Mafuriko mengi ya Kibera hutoka kwenye mitaro midogo inayopita kati ya nyumba, ile ambayo ramani kubwa za mji haziionyeshi.

Kawangware: mtaa usioonekana ndani ya hesabu

Kawangware ina tatizo jingine. Barabara zake ziko kwenye ramani, matatu za 46 zinafika kila dakika, na ng'ambo kidogo kuna majumba ya kifahari ya Lavington. Lakini katika jedwali kuu za sensa ya 2019 mtaa huu umemezwa na kaunti ndogo ya Dagoretti, pamoja na Riruta, Waithaka na mingineyo. Dagoretti nzima ilikuwa na watu 434,208, zaidi ya mara mbili ya Kibra. Hata hivyo wageni wenye kamera na madaftari huenda Kibera.

Tofauti kubwa iko kwenye ardhi. Kawangware haikuwa ardhi ya serikali. Ilikuwa sehemu ya ardhi ya Wakikuyu wa Dagoretti, na mji uliifikia mipaka yake ilipopanuliwa 1963. Wenye mashamba wana hati, na mwenye hati hujenga bila hofu ya kufukuzwa. Ndiyo maana katika ploti moja utaona safu ya vyumba vya mabati, na kwenye ploti inayofuata jengo la mawe la orofa tano lililojazwa wapangaji. Mto Nairobi, unaotoka kwenye kinamasi cha Ondiri huko Kikuyu, unapita upande huu kabla ya kufika katikati ya mji. Mitaro ya barabara imezibwa na takataka, na kila ploti inayofunikwa kwa saruji huongeza maji yanayokimbia juu ya ardhi badala ya kuzama.

Jinsi ramani inavyotengenezwa, na inavyokosea

Hatua ya kwanza ni kuziona nyumba. Siku hizi kompyuta husoma picha za setilaiti na kuchora umbo la kila paa. Mwaka 2021 kampuni ya Google ilitoa hifadhi ya Open Buildings, yenye mamilioni ya majengo ya Afrika yaliyochorwa namna hiyo. Hatua ya pili ni kuwagawa watu. Wataalamu, kama wale wa WorldPop katika Chuo Kikuu cha Southampton, huchukua hesabu ya sensa ya eneo zima na kuigawanya katika miraba midogo, mingine ya mita 100 kila upande, wakiongozwa na mahali majengo yalipo. Hatua ya tatu ni kuweka ramani ya mafuriko juu ya miraba hiyo na kuhesabu.

Njia hii ni nzuri na ni ya haraka. Lakini tuchukue mfano wa kufikirika. Tuseme eneo lina watu 10,000, na setilaiti imeona paa 1,000. Hesabu rahisi itaweka watu kumi chini ya kila paa. Sasa twende chini. Kibera, paa moja refu la mabati linaweza kufunika vyumba kumi vya futi 10 kwa 10, na kila chumba kina familia yake. Karibu yake kuna paa la namna ile ile ambalo ni kinyozi, kibanda cha mpesa na ghala la makaa, halalali mtu. Kawangware, paa moja linaweza kuwa la jengo la orofa tano lenye vyumba sitini, na paa la pili likawa la choo. Setilaiti hutazama kutoka juu, haihesabu orofa wala haibishi hodi.

Ukosefu huo ni tofauti katika kila mtaa. Kibera kompyuta hushindwa kutenganisha nyumba zilizobanana. Kawangware hushindwa kujua urefu wa jengo. Kwa hiyo huwezi kutumia dawa moja kwa mitaa yote miwili. Lazima mtu atembee, ahesabu milango na orofa, na aulize.

Kuna pia suala la wakati. Julai 2018 sehemu ya Kibera ilibomolewa kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata, na maelfu ya watu wakaondoka pamoja na shule zao. Ramani iliyochorwa Juni mwaka ule ilikuwa imechakaa Agosti. Hata saa ina maana. Sensa huhesabu watu walipolala, na mafuriko ya usiku huwakuta hapo hapo. Lakini mafuriko ya saa nane mchana huwakuta wazazi kazini Lavington au Industrial Area na watoto wako peke yao.

Nyumba ipi ni dhaifu? Inategemea adui

Hili ndilo swali la tatu, na hapa wengi hukosea. Tumezoea kusema nyumba ya mawe ni imara na ya udongo ni dhaifu. Kwa maji ni kweli. Ukuta wa miti na udongo wa Kibera ukikaa majini saa chache hulegea na kuanguka. Mabati yenye nyaya za umeme za kuungaunga yanaweza kuua kabla maji hayajafika magotini. Nyumba ya mawe ya Kawangware husimama, na mtu wa orofa ya pili anaweza kungoja mvua ipite.

Lakini mbadilishe adui. Bonde la Ufa haliko mbali na Nairobi, na Januari 1928 tetemeko la Subukia lilifikia kipimo cha takriban 6.9. Tetemeko kama hilo likija, banda la mabati na miti ni jepesi, likianguka unaweza kuinuka. Orofa tano za saruji iliyokosa nondo za kutosha ni kaburi. Wala si lazima tungoje tetemeko. Aprili 2016 jengo la orofa lilianguka Huruma, karibu na mto, baada ya mvua kubwa, na watu takriban 50 wakafa. Basi ramani nzuri haiandiki tu kuwa hapa kuna nyumba. Inaandika ukuta ni wa nini, orofa ni ngapi, na sakafu iko juu kiasi gani kutoka mtaroni.

Maneno yanayotupotosha

Utasikia wataalamu wakisema mvua ya miaka kumi, au mafuriko ya miaka hamsini. Watu huelewa kuwa yakija leo, hayatarudi mpaka miaka hiyo ipite. Sivyo. Mafuriko ya miaka kumi maana yake ni kuwa kila mwaka kuna nafasi moja katika kumi ya kuyapata, hata kama yalikuja mwaka jana. Ukikaa mahali hapo miaka kumi, nafasi ya kuyaona angalau mara moja ni karibu asilimia 65. Mafuriko ya miaka hamsini, kwa mtu anayekaa miaka 25, yana nafasi ya asilimia 40 hivi. Anayemuuzia mtu kiwanja bondeni hawezi kumwambia kuwa hatari imeshapita.

Kwa sababu lugha ya namna hii ilikuwa haiwafikii watu, mradi wa DARAJA ulianzishwa Nairobi na Dar es Salaam kuunganisha idara za hali ya hewa na mitaa, ili utabiri utolewe kwa maneno ambayo mtu wa mtaani anaweza kuyafanyia kazi. Kumwambia mama wa Lindi kuwa milimita kadhaa za mvua zinatarajiwa hakumsaidii. Kumwambia usiku wa leo mtaro wa kijiji chake huenda ukafurika, apandishe vitu na watoto walale juu, hilo ni onyo. Lakini huwezi kulitoa bila kujua mtaro uko wapi na nani analala kando yake.

2024: ramani ilipogeuka kuwa shoka

Kati ya Machi na Mei 2024 mvua iliua karibu watu 300 nchini Kenya. Nairobi, Mathare iliumia vibaya. Serikali ikaamuru wanaoishi ndani ya mita 30 kutoka mtoni waondoke, na matingatinga yakaingia Mathare na Mukuru. Familia zilizobomolewa ziliahidiwa shilingi 10,000 kila moja.

Siwezi kumlaumu anayetaka kuwaondoa watu kwenye mdomo wa mto. Lakini mita 30 ni rula, si ramani. Rula haijui kuwa mahali pengine ukingo ni mwinuko na nyumba ya mita 20 iko salama, na mahali pengine ni tambarare na maji yanafika mita 80. Haijui mitaro ya ndani. Mtu wa Kibera aliye mbali na mto lakini mtaro unapita chini ya kitanda chake, kwa rula hiyo hana hatari.

Tena, familia zilihesabiwaje? Katika banda la vyumba kumi, mwenye nyumba ni mmoja na wapangaji ni kumi. Orodha ikiandikwa kwa paa, tisa hawapo. Hapa ndipo hesabu inapokuwa haki ya mtu. Asiyekuwa kwenye ramani haonywi kabla ya maji, hapewi hema maji yakija, wala halipwi baada ya tingatinga kupita. Na aliyemo kwenye ramani anaweza kuandikwa kwa kutolewa badala ya kuokolewa. Nimewasikia wazee Kibera wakiuliza kila mgeni mwenye kifaa cha kupimia: hii ramani ni ya nani, na itatumika kufanya nini? Ni swali sahihi. Kazi ya Map Kibera iliaminika kwa sababu waliochora walikuwa watoto wa pale, na ramani ilibaki wazi kwa kila mtu, wakiwemo wale wanaochorwa.

Sisi wa Pwani tufanyeje?

Tusidhani haya ni ya bara. Vanga huingiliwa na mto Umba. Garsen na vijiji vya Tana hukaa ndani ya maji msimu baada ya msimu. Kisauni na Mtwapa zinajaa majengo ya orofa kama Kawangware, na Mombasa ina vitongoji vya mabati kama Kibera. Desemba 2004 tsunami iliua zaidi ya watu 200,000 kandokando ya Bahari ya Hindi. Kenya alikufa mtu mmoja. Umbali ulitusaidia, lakini pia watu waliondolewa ufuoni mapema. Leo wanaoishi na kufanya biashara ufuoni ni wengi zaidi.

Ndugu zetu wametangulia. Dar es Salaam, baada ya mafuriko ya Desemba 2011 kuua zaidi ya watu 40, mradi wa Ramani Huria ulianza 2015 ukiwatumia wanafunzi wa vyuo na wakazi kuchora mitaa na mitaro. Zanzibar ilirusha droni kuanzia 2016 na kupiga picha Unguja na Pemba, kazi iliyofanywa na vijana wa huko huko, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Taifa.

Mtaa wowote unaweza kuanza bila droni. Mzee wa mtaa, kamati ya msikiti na vijana wachache wenye simu wanaweza kuandika mambo haya: maji yalifika wapi ukutani na mwaka gani, kila jengo lina vyumba vingapi na orofa ngapi, mtaro unaanzia wapi na umezibwa wapi, visima na vyoo viko umbali gani, madrasa au shule ipi iko juu na inaweza kupokea watu, na katika kila safu ya nyumba wapo wazee au walemavu wangapi wasioweza kukimbia. Majina ya watu yasiwekwe hadharani, idadi inatosha. Waulizeni pia wakongwe kuhusu majina ya mahali. Mtoni, Ziwani, Bondeni, Kisimani: waliotutangulia waliandika ramani yao ya maji kwenye majina, sisi tukajenga juu yake.

Nakala moja ipelekwe kwa chifu, moja kwa ofisi ya kaunti inayoshughulikia maafa, na moja ibaki mtaani. Ile ya mtaani ndiyo muhimu zaidi. Siku mtu akija na rula yake, mtakuwa na kitu cha kumwonyesha.